Bibi Yako Haangalii Mpira

Ile Jumamosi naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: nyasi zilizokatwa asubuhi, moshi wa nyama wanazochoma wazazi nyuma ya magari yao, na dawa ya misuli niliyojipaka mapajani hadi macho yakanitoka machozi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa mwepesi, mikono yangu inanasa kila kinachorushwa, na kichwa kimenivimba kiasi kwamba helmeti ilikuwa inanibana. Nacheka sasa hivi, lakini siku hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo, nikiwa kazini kwenye chumba cha eksirei nikafungua picha ya goti la mgonjwa kwenye kompyuta, nalikuta limo humo.

Subiri kwanza. Nakurekodia badala ya kukuandikia kwa sababu nakujua, Idrisa. Kiswahili chako kiko masikioni, machoni hakijafika. Ukiandikiwa mistari mitatu unampigia mama yako akusomee. Basi sikiliza, na usinipeleke kasi kwa kile kidude chenu cha kuharakisha sauti, nisije nikasikika kama kuku aliyeshikwa. Mimi ni kaka wa mama yako, nimekubeba mabegani kila Idi mpaka ulipokuwa mzito, kwa hiyo nina haki ya kukuchosha kidogo. Nimekaa ndani ya gari nje ya hospitali hapa Gaithersburg. Zamu imekwisha, na foleni ya barabara ya 270 saa hizi sina haraka nayo.

Jana ulinipigia. Ukaanza na shikamoo ya adabu, nikajua kuna jambo. Ukanieleza kwa Kiingereza chako cha mbio kwamba kocha hakuoni, kwamba mechi zinapita na mpira hauji kwako, kwamba fomu za kuhamia chuo kingine umeshajaza na Jumatatu unazituma. Nikakusikiliza, sikukukatiza. Halafu ukasema neno moja kwa sauti ndogo, na hilo ulilisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini. "Anko, siku hizi nikijua mpira hauji kwangu, sikimbii. Nikimbie ya nini?"

Wewe ukadhani simu imekatika, ukaita halo, halo. Haikukatika, mwanangu. Nilikuwa nimepotea miaka ile.

Sasa nikurudishe huko. Tulitoka Muheza tukaja Annandale mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, mama yako bado anavuliwa viatu na watu. Tulikaa chumba na sebule, ghorofa ya pili, chini yetu familia ya Kikongo, mkabala Wakenya. Mpira huu wa Kimarekani sikuujua. Niliona watu wazima wamevaa mito mabegani wanarukiana, nikadhani ni ugomvi. Kilichonipeleka huko ni basi la shule. Liliniacha asubuhi moja, nikalikimbiza na begi mgongoni, nikalikuta kituo cha pili nikapanda. Mwalimu wa michezo alikuwa nyuma na gari lake, ameona kila kitu. Kesho yake akaniita.

Wakanifundisha kudaka. Wewe kazi hii unaijua kuliko mimi wa leo, lakini najua mama yako utamchezea huu ujumbe, basi acha nimweleze na yeye. Zuhura, mdakaji kazi yake ni kutoka mbio pembeni mwa uwanja, amkimbie mlinzi wake, na mrushaji amtumie mpira hewani audake kabla hajaangushwa. Ni hivyo tu. Lakini wadakaji ni wengi na mpira ni mmoja. Kila mara mpira unapoanza, mmoja ndiye atakayerushiwa, na wengine wanakimbia ili kuwahadaa walinzi, wawavute waende nao mbali. Sisi tulikuwa tunaita kukimbia kwa chambo. Unakimbia kwa nguvu zako zote kama vile mpira unakuja kwako, na unajua kabisa hauji.

Basi nikadaka. Nikadaka shuleni mpaka vyuo vikaanza kuandika barua, nikaenda kwenye chuo kimoja kidogo upande wa Maryland, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, nikasomeshwa kwa mikono yangu hii unayoijua ina makunyanzi. Mwaka wa pili nikaingia kikosi cha kwanza. Mwaka wa tatu nikachaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi yetu nzima, picha yangu ikatoka gazetini nimeruka miguu yote haigusi chini. Bibi yako aliikata akaibandika kwenye friji, na kila fundi aliyekuja kutengeneza bomba alionyeshwa. Yule mzee wa Kikongo wa chini alikuwa akiniona kwenye ngazi anapiga kelele, "Huyu njo champion yetu!" Nina hakika hakujua nilikuwa bingwa wa mchezo gani. Loh, zile siku zilikuwa tamu. Nikizikumbuka hata magoti haya yananisamehe kidogo.

Ilipofika mwaka wa mwisho nilikuwa nimebakiza mipira michache tu nivunje rekodi ya kudaka ya chuo. Kwenye korido ya kwenda chumba cha kuvalia kulikuwa na ubao wa mbao wenye majina kwa dhahabu. Kila siku nikipita nilikuwa nalipapasa jina la yule jamaa wa kwanza, nanong'ona, jiandae kushuka. Hilo likaniingia damuni. Nilianza kuhesabu. Mpira ukienda kwa mwingine niliona kama ameniibia mfukoni.

Na mwingine mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Deon. Wewe unamjua kama Anko Deon wa Arlington, anayechechemea siku za baridi na kukuletea viatu. Wakati ule hachechemei. Alikuwa mtoto wa Washington penyewe, mfupi, mwembamba, hana woga hata chembe. Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Alikula pilau ya bibi yako kwa mkono, akimwita Mama, na bibi yako akimwita mwanangu mweusi wa huku. Mimi nilikuwa mdakaji wa kulia, yeye wa katikati. Glavu zake zikichanika anavaa zangu. Huyo ndiye aliyekuwa ananiibia mfukoni, sikia upumbavu wangu.

Haya, Jumamosi yenyewe. Ilikuwa siku ya kwanza bibi yako kuja kuniona nikicheza. Miaka yote hiyo hakuwahi kuja, kwa sababu Jumamosi alikuwa kazini Arlington, anamtunza mzee mmoja aliyekuwa ofisa wa jeshi, amepooza, hasemi. Mara hii akabembeleza akapewa ruhusa. Aliyemleta ni rafiki yake Mama Wanjiru, Mkenya wa Nyeri, kwa sababu bibi yako alikuwa anaogopa kuendesha barabara kubwa. Nikawaona kwenye viti kabla hatujaanza: bibi yako kajitanda kanga juu ya koti zito, kapu la vitumbua mapajani, chupa ya chai miguuni, na Mama Wanjiru anawatangazia Wazungu wa watu, "Number ten ni wetu! Haki ya nani, huyo ni kijana wetu!"

Nilicheza vizuri mwanzoni. Nikadaka, nikadaka tena. Nikawa nimekaribia kabisa kulifikia lile jina la dhahabu. Kisha, tukiwa tumebakiza muda mfupi na tunataka bao moja tushinde, kocha akaleta mpango. Mpango ulikuwa hivi: mimi nitoke mbio kulia, moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja, nimvute yule mlinzi wa nyuma, mkubwa kuliko wote, anifuate. Deon akate katikati, kwenye nafasi niliyoiacha, ndiye atakayerushiwa.

Nikasikia moyo wangu unasema, kwa hiyo si mimi. Mbele ya mama yangu, si mimi.

Mpira ukaanza. Nikatoka hatua tano, sita. Halafu, mwanangu, nikapunguza. Sikusimama, hapana, ningesimama kila mtu angeona. Nilipunguza tu, nikawa nakimbia kama mtu anayefanya mazoezi ya kupunguza tumbo. Nikasema moyoni, nichoke ya nini, mpira hauji kwangu. Yule mlinzi mkubwa alikuwa amenikazia macho mimi. Akaniona nilivyolegea, akajua papo hapo kwamba mimi si kitu. Akaniacha. Deon alikuwa ameruka, mikono juu, mbavu wazi, anaangalia mpira. Hakumwona mtu anayetoka upande wangu, kwa sababu upande wangu hakutakiwa kutoka mtu.

Yule mlinzi akamgonga gotini, na ule mlio sitaki kuueleza. Wakaleta machela, wakamfunga mguu kwa mbao, na yeye akawa anaangalia mbingu tu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana kosa langu la pili ndilo baya zaidi. Watu walimlaumu mrushaji wetu, kijana anaitwa Colin. Walisema amerusha juu mno, amemwacha mwenzake mbavu wazi. Watu wazima, wenye watoto wao, walimtukana akiondoka uwanjani. Jioni tukaangalia mkanda. Chuo chetu kilikuwa kidogo, kamera moja, juu ya jukwaa la mbao, na mwenye kamera alikuwa anafuata mpira. Ukaonekana mpira, akaonekana Deon, akaonekana yule mlinzi anaingia tu kwenye picha kutoka pembeni. Mimi sikuwemo. Kocha akarudisha mkanda mara tatu, akauliza huyu mtu katokea wapi. Colin akasema, kosa langu, kocha. Nami nikiwa kiti cha nyuma yake, mzima wa afya, ulimi ninao mdomoni, nikanyamaza kimya. Nikajiambia hakuna aliyeona. Na kweli, katika maelfu ya watu wale, hakuna aliyeona.

Isipokuwa mmoja.

Jumapili nilikwenda nyumbani kama kawaida yangu, na nguo chafu kwenye mfuko. Bibi yako alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikajua hali ya hewa si nzuri. Nikakaa.

"Athumani," akaniita. "Yule mtoto amevunjikaje?"

Nikamwambia, mama, mrushaji alikosea, mpira ulikwenda juu.

Akaendelea kukanda. "Mimi mambo ya mpira siyajui. Hata huo mpira wenyewe sikuuona. Tangu mlipoanza mpaka mlipomaliza nilikuwa nakuangalia wewe. Mama Wanjiru ananivuta, angalia kule, wameangukiana kule! Niangalie kule nimeweka nini? Mwanangu yuko huku."

Nikatabasamu, mjinga mimi. Nikadhani ni mapenzi ya mama tu, yatapita.

"Nikaona kuna mara unakimbia roho juu, kuna mara unakwenda kama mtu aliyetumwa mkate hana haraka. Nikasema labda ndivyo walivyowapangia, kimbia, pumzika, kimbia, pumzika. Halafu ile mara ya mwisho. Kulikuwa na mtu mkubwa amekukodolea macho. Ukalegea. Akakutazama, akakudharau, akageuka akaondoka mbio. Nikamfuata kwa macho nijue anakwenda wapi." Akaacha kukanda, akanigeukia, mikono imejaa unga. "Alikwenda kwa Deon."

Wallahi, mwanangu, nimegongwa na watu wa kila aina katika maisha yangu, wengine uzito wao mara mbili yangu. Sijawahi kugongwa namna ile.

Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia. Alivuta kiti akakaa, akaanza kunisimulia habari za yule mzee wake wa Arlington. Akasema, "Mzee wangu hanijui hata jina. Mtoto wake anakuja mwezi kwa mwezi, anakaa dakika kumi, anaangalia saa. Kila baada ya saa mbili inatakiwa nimgeuze, ubavu huu, ubavu huu. Ni mzito, na mgongo wangu unauma. Kuna karatasi ya kutia alama kwamba nimemgeuza. Naweza nikatia alama nikakaa zangu nikanywa chai. Nani atajua? Mzee hasemi. Mtoto haulizi. Ofisi inaangalia karatasi."

Akanitazama sawasawa. "Mgongo wake utajua, Athumani. Utaoza. Siku watakapomfunua, mgongo utasema kila saa niliyokaa nikanywa chai. Na goti la mwenzio limeshasema, baba. Umebaki wewe."

Akainuka akarudi kwenye unga wake. Nikaomba chakula, maana hata katika aibu njaa haina adabu. Akasema chapati nitakula nikirudi.

Nikaenda hospitali. Deon alikuwa amelala mguu umeinuliwa, televisheni imewashwa bila sauti. Nikasimama karibu na mlango, nikamwambia yote. Sikupamba. Nikamwambia nilikuwa na wivu, nikalegea, yule mtu alitoka kwangu. Nikaona taya lake linacheza. Mwisho akasema nitoke.

Nikageuka. Nilipofika mlangoni akaniita jina, lile walilokuwa wananiita wao, Manny. "Kuanzia leo unakimbia," akaniambia. "Kila mara, hata wakiutupa mpira mtoni. Nitakuwa nimekaa pale nakuangalia wewe tu." Alikuwa analia kwa hasira, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha, na muuguzi aliyeingia akatoka tena.

Jumatatu nikasimama mbele ya timu nzima. Nikamtazama Colin usoni nikamwambia haikuwa kosa lake. Nilidhani atanipiga, na shavu nilikuwa nimeshaliandaa. Akaficha uso kwenye taulo, mabega yakitetemeka, kisha akatoka nje akakaa peke yake kwenye ngazi. Kocha alinivua jezi ya kikosi cha kwanza. Mechi mbili nilikaa benchi, na nilipotoka chumba cha kuvalia nilipita ule ubao wa majina nimeinamisha kichwa. Jioni ya Jumatatu ile nilipofika nyumbani, bibi yako alikuwa ameniwekea chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, zimepoa zimekakamaa. Nikazila zote. Aliniangalia ninavyotafuna, akajua.

Kocha aliponirudisha, alinirudisha kama chambo. Mechi nzima nakimbia, mpira unakwenda kwa kijana wa mwaka wa kwanza aliyechukua nafasi ya Deon. Rekodi nikaiona inaondoka mbele ya macho yangu, polepole, wiki kwa wiki. Nisikudanganye, iliuma. Kuna siku nilikuwa narudi kwenye mstari mapafu yanawaka moto, sijagusa mpira, najisemea mtu mzima kweli unajitesa hivi? Halafu nakumbuka kuna mtu yuko juu pale na magongo yake, haangalii mpira. Nakimbia tena.

Mechi ya mwisho ndiyo ninayotaka uibebe. Bibi yako alikuja, safari hii vitumbua vya watu wengi zaidi. Deon alikaa pembeni yake, mguu umenyooshwa kwenye kiti cha mbele. Dakika za mwisho tena, mpango uleule tena, nadhani kocha aliufanya kusudi. Nikatoka. Mwanangu, sijawahi kukimbia vile, hata lile basi la Annandale sikulikimbiza vile. Mlinzi wangu akaona moto, akamwita mwenzake, wakanifuata wawili. Nikawapeleka mpaka kona ya mwisho ya uwanja, tukaangukia huko tukiwa watatu. Kule katikati yule kijana akadaka peke yake, hakuna mtu karibu, akatembea mpaka akafunga.

Uwanja ukalipuka. Wote wakamkimbilia kijana, hata Colin alimrukia mgongoni. Mimi nikabaki konani, nimepiga magoti, natema nyasi. Nikainua macho kwenye viti. Watu wote wamesimama, wote wameelekea kule kwenye bao. Watu wawili tu ndio waliokuwa wameelekea kwangu. Bibi yako alikuwa anapiga makofi kanga imemdondoka begani, na Deon amenyanyua gongo moja juu kabisa.

Nilipata vikombe vingine, unavijua, viko kwenye kabati pale kwangu vinakusanya vumbi. Mtu wa timu ya kulipwa alikuja na daftari, akaniangalia nikikimbia, akaondoka hakupiga simu tena. Rekodi sikuivunja. Nilikaribia tu, na lile jina la dhahabu lipo palepale mpaka leo, nilipeleka watoto wangu wakaliona. Deon hakucheza tena. Neno la kunisamehe hajawahi kulitamka kwa mdomo, ila alisimama upande wangu siku ya ndoa yangu, na mpaka sasa kila msimu ukianza ananipigia simu kuniuliza kitu kimoja tu, kama nakimbia. Nikikwambia nina furaha nikiikumbuka ile kona, nikiwa nimeanguka na mdomo umejaa nyasi, usinione nimechanganyikiwa. Ndiyo siku niliyocheza vizuri kuliko zote, na kwenye gazeti haimo.

Basi, Idrisa, nasema yangu sasa, yachukue au yaache. Kuhama chuo sikukatazi. Ukiona huko kwingine ni bora kwa masomo yako, hama, nitakuja na gari kukubebea mizigo. Lakini usihame ukiwa umelegea. Yale uliyoniambia kwamba hukimbii, hayo utahama nayo, yataingia kwenye begi pamoja na soksi, na huko utakakofika utayafungua. Zile mbio za chambo ndizo kazi yenyewe, mwanangu. Kudaka ni ile sehemu watu wanayoipigia makofi. Kuna mtoto wa watu, mwenzako, anaruka katikati ya uwanja mbavu wazi kwa sababu anaamini upande wako hakutatoka mtu. Hakujui moyoni una nini. Amekuamini tu. Usije ukafungua picha ya goti ukiwa mtu mzima kama mimi ukaona jina lako humo. Na kama umeshalegea na mwenzako akaumia hata kidogo, mfuate leo, usingoje Jumatatu. Tena mwambie kwa mdomo wako, usimwandikie.

Mungu akupe pumzi. Akupe miguu isiyovunjika na isiyovunja ya wenzio. Akupe mpira siku anayotaka, na siku asiyotaka akupe moyo wa kukimbia vilevile. Akukuze, akurudishe salama kwa mama yako, na akufikishe umri wa kuwachosha watoto wa dada yako kama ninavyokuchosha mimi.

Neno la mwisho, maana foleni naona imepungua. Jumamosi iliyopita nilimwekea bibi yako mechi yenu kwenye televisheni. Akakaa na miwani yake, blanketi miguuni. Dakika kumi hazikufika akaanza kufoka. "Mjukuu wangu wamemficha wapi? Hii televisheni haina adabu, inamwangalia mwenye mpira tu!" Nikamwelekeza, mama, Idrisa yupo, yuko nje ya picha. Akazima. Akasema Jumamosi hii nimpeleke mwenyewe uwanjani, kwenye kiti chake cha magurudumu, baridi au si baridi. Nimejaribu kumzuia. Wewe unamjua.

Kwa hiyo tutakuja. Mimi usinitafute, nitakuwa nafuata mpira kama wajinga wenzangu wote. Mtafute bibi kizee mwenye kanga juu ya koti. Mpira hatauona hata mara moja.